Mwenye Fimbo Katika Picha

Maonyesho yalikuwa yafunguliwe saa nne asubuhi. Saa tatu na nusu bibi yangu alisimama mbele ya picha niliyoipenda kuliko zote, akakataa kusogea.

Ilikuwa picha ya enzi za mkoloni: watu wa Kinole, kijiji chetu, wameinama mlimani wakichimba matuta ya lazima, na mwanamume mmoja amesimama juu yao na fimbo. Niliikuta kwenye boksi la nyaraka nilipokuwa nakusanya picha za historia ya mkoa wetu, nikakitambua kilima cha kwetu. Nikaikuza, nikaitundika ukutani, na chini yake nikaandika kwamba aliyeinama mbele, uso gizani, ni mjomba wa bibi, aliyekataa matuta akafungwa. Nani alinithibitishia? Hakuna. Kwetu Waluguru ardhi hupitia kwa mama na mjomba ndiye msimamizi wake, na ushujaa wa mjomba huyo tumelishwa tangu utotoni. Nikaona mtu kainama, nikamwona yeye. Mimi na kiherehere changu.

"Huyu si mjomba," bibi akasema. "Mjomba ni yule mwenye fimbo."

Mjomba wangu mimi, mtoto wa bibi na msimamizi wa mashamba yetu ya sasa, alikuwa nyuma yetu ndani ya suti yake. Ndiye aliyepangwa kumzungumzia shujaa huyo mbele ya wageni, na nje magari yalishaanza kuegeshwa.

"Mama, tafadhali," alisema kwa sauti ya chini. "Umri umekwenda. Macho hayo..."

"Macho yangu yaache. Nilikuwa nawapelekea maji pale."

"Ukisema hivyo leo, kesho watatuuliza haya mashamba mjomba wako aliyapata kwa njia gani." Akanigeukia. "Wewe, itoe hiyo picha. Sema imeharibika."

Sitaficha: mkono wangu ulishafika kwenye fremu. Niliogopa. Bibi akanishika kwa nguvu ambazo sikuzitarajia.

"Mficha uchi hazai, mjukuu wangu. Iache."

"Sasa huyu aliyeinama ni nani, bibi?"

"Mama yangu. Dada yake huyo mwenye fimbo, tumbo moja. Tangu tumzike sijamwona tena mpaka leo, nawe unataka kumshusha?"

Mjomba akakaa kwenye kiti cha plastiki. Nikabandua maelezo yangu, nikachukua karatasi nyingine. Jina la mwenye fimbo niliandika bila kufikiri, maana nimelisikia kwenye kila msiba na kila harusi ya kwetu. Nikashuka mstari wa pili, nikaandika "Aliyeinama ni", kalamu ikagoma. Ardhi yote inayotulisha ilipita kwa mwanamke huyu, na hakuna aliyewahi kunitajia jina lake, wala mimi mpenda historia sikuwahi kuuliza. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Ikabidi nimuulize bibi, wageni wakiwa wameshaanza kuingia.