Kahawa ya Kumliwaza Mjukuu

Nina sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde, na nyumbani kwetu Rugera hakuna aliyewahi kuendelea kulala baada ya mimi kuamka. Lakini likizo ile binti yangu wa kidato cha tatu aliporudi kutoka bweni, nilikuwa namkuta tayari yuko macho, macho yenyewe mekundu, yanatazama dari. Alishika jembe akasimama nalo katikati ya migomba, haendi mbele wala harudi.

Huyu ndiye aliyekuwa akiimba kwaya na kubishana na baba yake kuhusu mpira hadi uji unapoa! Sasa sahani yake ilirudi na ndizi zake, na rafiki zake wa Bugene wakija alisema anaumwa kichwa. Siku moja tukimenya ndizi nilimwuliza akimaliza shule angependa kusomea nini. Akajibu bila kulia, "Mama, mimi hata kesho siioni. Bora kusingekucha." Kisu kilinitoka mkononi. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani.

Mama mkwe wangu alikuwa ameiona huzuni ile kabla yangu, na alikuwa ameshaanza kuitibu kwa njia yake. Kwetu mtu mwenye huzuni haachwi mikono mitupu. Anawekewa kiganjani kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani yanayonukia kisha ikaanikwa mpaka ikauka. Mgeni hupewa, mfiwa hupewa. Basi kila jioni bibi alimwita mjukuu wake, akafungua kikapu chake kidogo na kumjazia kiganja, na mtoto akimaliza anaongezewa. Mimi mkaza mwana sikuwahi kujaziwa namna ile, na niliona wivu kidogo.

Mimi na binti tukapanda bodaboda kwenda mjini Kayanga kwa daktari, dada mmoja kijana mwenye sauti ya chini. Nilijiandaa kwa maswali ya malaria. Yeye akamwuliza binti, "Usingizi wako ukoje?"

"Analala sana," nikadakia. "Giza likiingia tu, mlango umefungwa."

"Mama, naomba anijibu mwenyewe."

Binti akasema, "Nalala kitandani. Usingizi hauji."

Walizungumza wawili peke yao muda mrefu, kisha nikaitwa. Daktari alinieleza kwamba huzuni humfukuzia mtu usingizi, na kukosa usingizi kunailisha huzuni, na kwa umri ule viwili hivi hushikana vibaya. Alitaka tumrudishe kila wiki wazungumze, tusimwache peke yake, simu yake ilale chumbani kwangu. Ndipo akauliza anakula na kunywa nini jioni. Nilipotaja kahawa hakucheka. Alisema kahawa haikuileta huzuni, ila ilikuwa inaufungia usingizi mlango.

Sasa nani amwambie bibi?

"Mama, daktari anasema kahawa ya jioni inamnyima mtoto usingizi."

Akakifunika kikapu chake. "Kwa hiyo mjukuu wangu anakesha kwa mkono wangu?"

"Kwa upendo wako, mama."

Jioni ile akamwita kama kawaida. Binti akaketi mkekani, akakinga kiganja kwa mazoea. Bibi hakuwa na cha kuweka. Akaweka mkono wake mwenyewe mle kiganjani, wakashikana, wakakaa hivyo.

Ikawa hivyo jioni baada ya jioni. Mume wangu akaanza kupunguza redio. Jirani mwenye bodaboda akawa anazima injini kule juu kilimani, anateremka kimya kimya. Mimi nikajifunza kunong'ona, jambo ambalo mume wangu anaapa hakutegemea kuliona. Hakuna aliyeamriwa. Nilishangaa kwamba watu wote hawa wanamlinda mtoto mmoja apate kusinzia.

Haikuwa kazi ya siku moja, na zipo wiki alizorudi nyuma kabisa. Kwa daktari hatukuacha kwenda. Lakini jioni moja nilimkuta amelala kwenye paja la bibi, mdomo wazi, uso umelegea kama wa mtoto mchanga. Sikuwahi kujua kuwa usingizi ni kitu kikubwa namna ile. Nilisimama pale nikiogopa hata kupumua.

"Mguu umekufa ganzi," bibi akaninong'oneza.

"Nimtoe?"

"Thubutu!"

Ikafika asubuhi ya kung'oa maharage, kazi inayotaka umande ili maganda yasipasuke. Nilikwenda mlangoni kwake, nikafungua kinywa nimwite, nikakifunga. Tukaenda bila yeye. Jua lilikuwa limeshapanda niliposikia miguu ikikimbia kati ya migomba. Akatokea, kanga imefungwa upande, alama za shuka shavuni, mikono kiunoni.

"Mama! Asubuhi yote hii imenipita! Mbona hamkuniamsha?"

Alikuwa amekasirika kweli kweli. Nikapiga magoti palepale kwenye maharage, nikamshukuru Mungu.