Vifaranga wa Njano wa Wifi Yangu

Dada mkubwa wa mume wangu aliniona mwizi, na wakati huo tulikuwa tunapika jiko moja. Jamani, kula ugali na mtu anayekukagua vidole si mchezo.

Wifi huyu anafuga kware, wote wa kahawia. Kware wa bandani anataga tu, kuatamia hajui. Basi sisi huku Ifakara tunaazimana kuku: mayai yako, kuku wangu, vifaranga nusu kwa nusu. Aliyaleta mayai kila moja kalitia alama ya mkaa, hivyo ndivyo alivyoniamini! Nikayapanga kwenye pumba za mpunga, kuku akayalalia.

Walipoanguliwa, wengi walikuwa na mistari mgongoni. Watatu njano tupu, na baadaye wakaota manyoya meupe pee.

Nikamwamkia wifi shikamoo, hakuitikia. "Mayai yangu umeyapeleka wapi?"

"Sijayagusa, wifi."

"Mayai ya kware weupe yanauzwa huko Kiberege. Usinione mtoto."

Na mimi nikaanza kumshuku. Labda mayai ya weupe kayapachika mwenyewe, apate sababu ya kuninyima nusu yangu. Nikampigia bwana mifugo. Akasema weupe hujificha kwenye damu: dume anao, jike anao, ila kahawia inaufunika. Kifaranga akiurithi kwa baba na kwa mama, unatokeza. Nikamweleza wifi, akasonya.

"Bwana mifugo naye umemlisha nini?"

"Basi mchukue kuku, ulale naye!"

Kweli akambeba! Mayai mapya ya kware wale wale, pumba, kuku, vyote chumbani kwake, mlango kufuli, ufunguo kwenye pindo la kanga. Chumba kilinuka, naye akanuka, akavumilia. Mimi hata kizingiti sikukikanyaga. Nilikuwa na raha, sifichi, maana jina langu lilikuwa linasafishwa.

Asubuhi moja akafungua mlango. Nikachungulia. Wenye mistari hao, na katikati yao wawili njano tupu. Nikapiga kigelegele.

"Haya wifi, nani kaingia humu?"

Akawatazama vifaranga, akanitazama mimi kuanzia miguuni mpaka kichwani, akarudi nyuma.

"Kumbe hata kufuli halikuzuii," akasema polepole.

Jioni alipanga mafiga yake nyuma ya nyumba, akapika peke yake. Ingekuwa wizi, ningelipa yakaisha. Kwa hili nalipa nini?