Kufuli Jipya la Ghala la Karafuu

Nakiri upumbavu wangu mwenyewe, maana walioushuhudia wangali wakiusimulia: asubuhi moja, katika miaka ya hamsini, nilikaa nusu saa nikilitia mafuta ya nazi kufuli ambalo halikuwa langu tena.

Nilikuwa karani wa ghala la karafuu, Malindi ya visiwani. Ufunguo niliuvaa shingoni miaka saba. Hata kuoga nilioga nao. Asubuhi hiyo ukaingia nusu, ukagoma. Mimi, msomi wa sekondari, nikakata shauri kuwa ni kutu. Nikarudi nyumbani (kurudi nyumbani sijapata kuhitaji sababu kubwa), nikaja na kikopo cha mafuta. Nikapaka, nikatikisa, nikapuliza. Wachukuzi wamekaa nyuma yangu wananitazama.

"Karani, tia na kitunguu basi!" mmoja akasema.

Wakacheka. Mkubwa wao hakucheka. "Bwana karani, hilo kufuli jipya. Tajiri kalibadilisha jana, ulipokwisha kuondoka."

Tajiri, mwenye ghala, alipofika alifungua mwenyewe. "La zamani lilikuwa bovu," akasema, huku akiitazama kofia yangu. "Ufunguo wako n'takupa kesho."

Kesho hiyo sikuiona. Wiki ile ile akaweka mtu mlangoni wa kutupapasa mifuko tukitoka. Hakuna aliyesema kimepotea nini, kama kimepotea. Angenituhumu ningeapa, lakini utaapa vipi na hujaulizwa? Nikiingia, wachukuzi wanaacha utani wao, wanazungumza habari za mvua. Nami nikaanza kuwatazama mikono. Nilitaka kujua jambo moja tu, bado mimi ni karani au la, na nilikuwa naogopa kuliuliza.

Kilichonitisha zaidi ni harufu. Karani wa karafuu hunukia karafuu. Mke wangu alikuwa akisema kwetu udi wa kufukiza wa nini, nami nanukia hivi. Sasa nikipita vichochoroni naona kila baraza inaninusa. Nikifika nyumbani navua kanzu, naikung'uta dirishani, napindua mifuko. Siku moja ikadondoka karafuu, moja, ilikuwa imenasa kwenye mshono. Nikaifunga kwenye karatasi, na asubuhi nikamrudishia tajiri kwa mikono miwili.

Akaitazama. Akanitazama.

"Nyingine ziko wapi?" akauliza.



Jioni, bibi jirani, ambaye dirisha lake na letu yamekaribiana hata chumvi tunapeana kwa mkono, akaniona nakung'uta tena kanzu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Kanzu hiyo ina chawa?"

Nikamsimulia yote, mpaka ile karafuu. Nikamalizia kuwa tajiri ni mtu wa shughuli nyingi, kasahau tu, ufunguo atanipa.

Bibi akalivuta pazia lake, kisha akalifungua tena kidogo.

"Mwanangu, wewe ushafukuzwa kazi, wanaona haya tu kukwambia."