Mkaratusi Ulioangukia Jiko

Nilikuwa fundi wa kukata miti kwa msumeno wa injini, na mwenzangu alikuwa mtu wa kamba, anayevuta mti uangukie tunakotaka. Bibi mmoja wa Msanzi alituita tumwangushie mkaratusi ulioinamia nyumba yake.

Mwenzangu aliniambia tusubiri upepo utulie. Nilimcheka, nikawasha msumeno na kuanza kukata hata kabla hajakaza kamba. Mti ulijizungusha kwenye kisiki, ukaliangukia jiko la bibi na kulibomoa paa. Bahati nzuri hakukuwa na mtu ndani.

Bibi alipokuja mbio, nilimnyooshea mwenzangu kidole.

"Huyu ndiye aliyechelewa kuvuta kamba, bibi."

Mwenzangu alichukua shoka, akaanza kukata matawi yaliyolala juu ya paa.

"Mjukuu wangu," bibi akaniambia kwa upole, "nilikuwa hapo mlangoni. Nilimsikia akikwambia usubiri."

Uso uliniwaka. Tulikaa siku mbili tukimjengea jiko upya, naye akatupikia nje, akitupakulia wote sawasawa.

Tulipokuwa tunarudi Sumbawanga ndipo nilipomwomba mwenzangu radhi.

"Yameisha," alisema, bila kunitazama.

Hakukubali tena kufanya kazi nami. Siku hizi tukikutana sokoni tunasalimiana vizuri, lakini mimi ndiye ninayekuwa wa kwanza kuinamisha macho.