Moshi wa Gari Lisilokwenda

Dada yangu alirudi nyumbani akivutwa na trekta. Yeye mwenyewe alikaa kwenye usukani wa gari ambalo injini yake ilishakufa, akiukata kulia na kushoto kama dereva wa kweli. Nyuma yake kulikuwa na kitanda, sinki, makabati matatu na bafu lenye ukubwa wa jeneza lililosimamishwa wima. Makabati niliyahesabu mara mbili. Ni tabia tu, mfanyabiashara haamini hesabu ya kwanza.

Gari lilikuwa la mzungu mmoja aliyekuja Kisegi kuchunguza samaki. Alilala humo, dada akampikia miaka kadhaa, na siku ya kuondoka akaona nafuu kuliacha kuliko kulitengeneza. Akampa dada. Mtu akikupa ng'ombe aliyekufa, amekupa pia kazi ya kuchuna.

Boma letu liko mlimani juu ya Kisegi, mahali ambapo ziwa lote unaliona lakini maji ya kunywa unayabeba kichwani. Dada alikuwa mgonjwa. Ugonjwa ule, miaka ya tisini, kwetu haukutajwa jina. Waliosoma walisema ni malaria iliyokataa dawa. Wengine walisema ni chira, ukondefu unaompata aliyevunja mwiko wa ukoo. Alikuwa ameolewa upande wa Migori, mume akafa, akatoka huko akatafuta kazi ya kupika. Na kwa desturi yetu, binti aliyeolewa akarudi hajengewi nyumba ndani ya boma la babake. Baba alishatangulia, kwa hiyo neno lilikuwa la kaka yetu mkubwa. Akalizunguka lile gari, akapiga teke gurudumu, akaamua kwamba gari si nyumba. Liingie, liegeshwe kando ya ua. Nikadhani tumemaliza.

Kumbe kazi ilikuwa kwenye maji. Viungo vilimuuma dada, na maji baridi yalimtetemesha mpaka meno yakagongana. Mke wa kaka alikuwa tayari kumchemshia na kumwogesha, na alilisema hilo kwa moyo safi, mbele ya wageni. Dada akakataa. Sufuria ya maji moto hakuweza tena kuinyanyua, na atakayeinyanyua ataingia nayo hadi bafuni. Aliniambia haya kwa sauti ya mtu anayekutuma chumvi.

"Huyo akiona mgongo wangu leo, kesho kisima kizima kimeuona. Chini ya kitanda kuna mashine ya maji moto. Itengeneze. Nataka kuoga mwenyewe, mlango umefungwa."

Wakati huo nilikuwa nauza vipuri mjini Migori, vichache vikiwa vipya, vingi vikiwa vimewahi kuwa vipya. Nilikuwa nimeona kila kitu kinachotoka kwenye gari, lakini gari lenye jiko tumboni sikuwa nimeliona. Lilikuwa sanduku la chuma mfano wa mzinga mdogo wa nyuki. Kipampu kinadondosha dizeli tone kwa tone, feni inapuliza hewa, plagi inawaka nyekundu kama ncha ya sigara, moto unashika na kupasha birika la lita kumi. Moshi unatokea kwenye bomba chini ya gari. Feni, plagi na pampu vyote vinakula betri moja. Nilifungua skrubu kumi na moja. Nilipofunga zilikuwa kumi, na mpaka leo sijui ile nyingine ilikwenda wapi.

Plagi ilikuwa imeungua. Ya mashine kama ile haikuuzwa Migori, wala Homa Bay, wala popote nilipopajua, kwa hiyo nikaenda kwa jamaa wa skrepa kung'oa ya pikapu na kuichonga iingie. Nilianza kwa kumwambia ni ya dada yangu mgonjwa, apunguze. Hata hakuinua kichwa.

"Omera, ndugu yangu, tangu nianze skrepa, kila mteja ana dada mgonjwa."

Hakunipunguzia. Ubaya ni kwamba miaka ile huenda alikuwa anasema kweli.

Mashine ikawaka, ikakohoa, ikazima. Dizeli niliyonunua kwenye mitungi ya barabarani ilikuwa imetiwa oili chafu ili ionekane nzito, na masizi yakaziba chumba chote cha moto. Nikakwangua kwa bisibisi. Muuzaji mwingine alijulikana mji mzima kwa kuchanganya dizeli na mafuta ya taa, na injini za watu zilikufa mikononi mwake. Kwa mashine yetu mafuta yake yalikuwa dawa: moto ukawa wa buluu, masizi yakapungua. Ndiyo mara pekee maishani nilipomtafuta mwizi kwa heshima na kumwomba asibadilike.

Jumamosi ile maji yakapata moto. Dada akaingia bafuni, nikasikia komeo. Nilikaa nje nikisikiliza maji yakimwagika, nikajisikia fundi. Kaka akaja akasimama mbele ya bomba. Akautazama moshi jinsi mtu anavyomtazama mgeni aliyeingia bila kubisha.

"Hii nini?"

"Maji ya kuoga."

"Gari ikitoa moshi na haiendi, hiyo ni nyumba," akasema. "Umemwashia dada yako moto ndani ya boma ya baba. Unataka nizike nani tena?"

Kaka hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amezika watoto wawili, mmoja baada ya mwingine, na alikuwa na watatu waliobaki. Mtu wa namna hiyo humwambii desturi ni maneno tu. Nikafanya ninachokijua, nikapatana naye bei. Nikamuuliza, kama likienda? Akasema likienda ni gari. Liende umbali gani? Akasema mpaka barabarani. Nikasema mpaka mti ule. Tukashuka, tukapanda, mwishoni tukakubaliana: kila likitoa moshi, siku hiyohiyo lisogee mpaka gurudumu la nyuma likanyage palipokanyagwa na la mbele. Ng'ombe ni wake, kamba ni yangu.

Kwa hiyo kila Jumamosi nilifika kutoka Migori na dizeli ya yule mwizi. Dada anaoga, anavaa, anakaa kwenye usukani, ng'ombe wanavuta. Nyuma yetu nyasi zikabaki na alama za njano, moja baada ya nyingine. Tulifuata mteremko, maana ndiko ng'ombe walikokubali kuvuta, na mteremko ulielekea kona ya chini ya ua. Ng'ambo ya kona ile ndipo wanapozikwa mabinti waliorudi. Sote tulijua. Ni dada peke yake aliyelisema, akitoa kichwa dirishani:

"Vuteni polepole basi. Mnanisindikiza, hamnifukuzi."

Kaka alicheka, kisha akaenda nyuma ya gari akakaa huko muda.

Halafu mambo yakaanza kuchakaa kwa zamu. Wadudu wa ziwa walipanda kutoka Kisegi kama wingu la moshi, feni ikawavuta kwa maelfu, sanduku likanuka kama choma ya maskini. Nikasafisha. Nyigu akajenga kwa udongo ndani ya bomba. Nikachokonoa. Betri ikachoka, plagi ikawa inapata joto la kutosha kunitia matumaini na si la kuwasha. Nikaipeleka Homa Bay ichajiwe, ikarudi na nguvu za siku mbili. Kila nilipoponya kimoja, dada alikuwa amepungua tena. Mara ya kwanza alioga amesimama. Baadaye nikamwekea ndoo, akawa anaoga amekaa. Baadaye komeo lilichukua muda mrefu kufika mwisho wake, na mimi nje nikajifanya naangalia bomba.

Jumamosi ya mwisho nilikuja na betri niliyoazima kutoka kwa lori. Nilikuwa nimekwangua chumba cha moto mpaka chuma kikang'aa, na mpira wa mafuta ulikuwa mpya kabisa, mpya wa kweli. Mashine haikukohoa hata mara moja. Iliunguruma vizuri kuliko siku zote tangu niijue, birika likaanza kuimba. Nikamgongea dada kumwambia maji tayari.

"Mwite mke wa kaka," akasema.

Nikamwambia mashine inafanya kazi, ajaribu tu, nitamshika mpaka mlangoni. Akaniambia anaisikia inavyofanya kazi, yeye si kiziwi. Nimwite.

Nikamwita. Alikuja akifuta mikono kwenye leso, akaingia. Nikauliza kama nifunge mlango.

"Acha wazi," dada akajibu. "Humu hatutoshi wawili."

Nikaenda upande wa pili, nikachuchumaa kando ya bomba. Kaka alikuwa amesimama na ng'ombe wake, wamefungwa nira, akingoja tumalize. Maji yakaanza kumwagika. Nikamsikia mke wa kaka akimuuliza, taratibu, kama yamezidi moto, aongeze ya baridi.

Dada akasema aendelee tu, yeye hasikii moto.