Chuma Kisichooshwa

Sikuipenda ile mashine ya umeme tangu ilipotolewa kwenye boksi lake, na hadi leo siipendi. Mwanangu aliinunua sokoni Mwanjelwa, mkewe akaipakata njia nzima kutoka Mbeya hadi kwangu Iringa, mtoto mgongoni. Akaiweka mezani, juu ya kitambaa changu cha Pasaka.

"Mama, tumekuletea ya kisasa. Sasa kile chuma chako kipumzike," mkewe akasema.

"Kimekwambia kimechoka?" nikamuuliza.

Chuma alichokisema ni cha kuokea wafo, ule mkate bapa wa ngano na mayai wenye vishimo kama sega la nyuki. Mama yangu alikuwa mpishi wa bibi mmoja mmisionari, akaachiwa chuma hicho, na mimi nikakirithi kwake. Ni sahani mbili nzito zilizounganishwa kwa bawaba, zenye mipini mirefu. Unakiweka juu ya mkaa wa miti ya miwati, unamimina rojo, unafunga, unakigeuza kabla upande wa chini haujaungua. Hakina taa ya kukuambia imeiva. Mvuke ukipungua, fungua. Wafo yake hutoka kavu nje, laini ndani, na hubaki hivyo hadi watu warudi kutoka ibada ya pili. Sabuni hakijawahi kuionja. Kinafutwa kwa kitambaa kingali cha moto, kinapakwa mafuta ya nguruwe, kinatundikwa. Weusi wake unaong'aa ni mafuta ya miaka yote, ya mama na yangu.

Na hapo ndipo palipokuwa na ugomvi. Mkamwana wangu ni Msabato, mzaliwa wa Ilomba, Mbeya. Nguruwe hali, na tangu aolewe hakuwahi kula wafo hata moja kwangu. Nilidhani hapendi vitu vya mayai. Siku ile ya boksi ndipo alipoyasema yote.

"Sufuria zako nazisugua kwa majivu, mama, nakula. Hicho huoshi. Hicho ni nguruwe mwenye mpini."

Mwanangu akacheka. Nikamtazama, akaacha.

"Unakiita najisi chombo kilichomlisha huyo mumeo?"

"Sijasema najisi. Umelitaja wewe. Ila huyu mtoto akiota meno hatakula kutoka humo. Nakuambia mapema, usije ukaona nimekudharau."

Nilimpa maandiko, akanirudishia maandiko. Wazazi wake walimfundisha vizuri, na hilo nilimshukuru Mungu, ingawa nilishukuru meno yameumana.

Asubuhi yake tukaoka, mimi nje kwenye mkaa, yeye ndani kwenye umeme. Niseme kweli, maana uongo ni dhambi hata ukiisingizia mashine: yake ilianza kutoa wafo wakati mimi bado napepea jiko. Zilikuwa za rangi moja, zimelingana kama matofali ya sementi, hakuna iliyoungua. Lakini zilikuwa zimelegea. Ukiishika wafo kwa ncha inaning'inia kama tambara la kufutia vyombo. Nikala moja, kwa sababu mimi si wa kukataa chakula cha mtu, na nikahakikisha ananiona nikila. Mara umeme ukakatika, rojo likiwa bado nusu bakuli. Mashine ikabaki imefumba mdomo na wafo mbichi tumboni.

"Ilete nje tuipepee," nikasema.

"Mama, acha basi," mwanangu akasema.

"Na wewe baba, ipi tamu?" nikamuuliza.

"Zote."

"Huo si ushahidi, huo ni uoga."

Walipokuja tena, mtoto alikuwa na meno mawili. Mashine niliyokataa kubaki nayo walikuja nayo tena, imeota madoa. Ile rangi nyeusi ya ndani inayozuia wafo zisigande ilikuwa inabanduka, kwa sababu mkamwana alizoea kuzitoa kwa kisu. Vipande vyake nilivikuta kwenye wafo, vidogo kama mbegu za mchicha.

"Nguruwe wangu najua alikula nini," nikamwambia. "Hii rangi unayotaka kumlisha mjukuu wangu, unajua imetoka wapi?"

Akaichomoa, akakunja waya. Chai ilipotengwa akatoa mkate wa dukani kwenye mfuko, akamega, akampa mtoto. Nikainamisha kichwa kushukuru kwa ajili ya chakula chetu, na neno "chetu" likanisimamisha. Mezani palikuwa na chakula changu na chakula chake. Nimewafundisha kina mama kanisani miaka mingi kwamba sala ya mezani ni ya wote walioketi. Nikakatisha kwa amina ya haraka. Chai sikuimaliza.

Nilimfuata alipokuwa akiosha vikombe.

"Chuma changu kikichomwa moto hadi mafuta yote yaungue, utakula kutoka humo?"

Akafikiri. "Kikiwa chekundu, ndiyo. Halafu upake alizeti. Na nione kwa macho yangu."

"Huniamini?"

"Kwa mambo ya nguruwe, hapana, mama."

Nikajaza mkaa jiko zima, nikakisukumiza humo kwa hasira. Yeye alisimama mlangoni na mtoto wake, analinda kama askari wa benki. Moshi ulitoka mzito, wenye harufu ya jikoni kwa mama yangu. Machozi yakanitoka, nikamwambia ni moshi kabla hajauliza. Kikaiva chekundu, na kilipopoa kilikuwa cha kijivu, kina ukurutu, kama kitu cha kuokota kwenye vyuma chakavu. Nikakipaka alizeti, nikakirudisha kwenye mkaa, nikamimina rojo.

Wafo ikaganda pande zote mbili. Chuma ambacho hakikuwahi kunigandia! Nikaikwangua kwa kijiko, vipande vipande, nikamsukumia sahani.

"Imechanika, mama."

"Naona. Kula."

Akampa mtoto kipande, mtoto akakitafuna kwa meno yake mawili. Kisha akala yeye, polepole, hadi makombo.

"Haina chumvi."

"Chumvi iko karibu na mkono wako."

Nikamimina ya pili.