Hema ya Wawili Hailalwi na Wawili

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kwa nyayo za miguu kuliko kwa kichwa. Kila ninaposikia kijana anatafuta hema nyepesi ya kupandia milima ya Marungu, nyayo hizo huingia baridi hata nikiwa hapa Kalemie, jua likichoma mabati. Jana nimekusikia ukimwambia mwenzako kwamba mko wawili, basi mtanunua ya wawili, habari imekwisha. Habari haijaisha. Kaa kwanza. Chai ipo, na maneno ya mtu mzima hayatozwi kodi, ingawa kwa namna mambo yanavyokwenda sijui itakuwa hivyo hadi lini.

Wakati ule ilikuwa Zaire. Mimi nilikuwa sijaolewa bado, na ulimi wangu ulijulikana kutoka bandarini hadi Lubuye. Hakuna mtu aliyeniuzia kitu kwa bei yake ya kwanza, na hakuna kitu nilichokihesabu mara moja. Biashara yetu ilikuwa ndagala kavu, wale dagaa wa ziwani, na chumvi. Tulishuka nazo kwa boti hadi Moba, tukazipandisha juu kwenye nyasi za Pepa, huko Marungu, kwa wachungaji wa ng'ombe, tukarudi na maharage na viazi. Lori likiwepo tulipanda lori. Mara nyingi lilikuwepo, ila halikuwa na mafuta. Yaani lilikuwepo kama serikali ilivyokuwepo. Basi tulipanda kwa miguu.

Kule juu si kama huku ziwani. Kuna upepo unaotafuta mifupa, na kuna ukungu. Kutoka kijiji hadi kijiji ni nyasi tupu, huoni hata mti wa kuegemea. Aliyenifundisha njia hiyo ni dada mkubwa wa mama yangu, Mama Kaseya, ambaye aliipanda tangu mimi sijazaliwa. Mwaka ule magoti yake yalikataa. Ikabidi niende na wifi yangu Mumba, mke wa kaka yangu, ambaye alikuwa hajawahi kupanda. Kaka alinivuta pembeni akasema, “Nakupa muke wangu, si muzigo. Muzigo unaweza kuupoteza.” Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo aliyasema bila kucheka.

Hema yetu ya zamani ilikuwa imeoza. Tukaenda sokoni kwa Papa Mwilambwe, aliyekuwa akiuza vitu vya wazungu wapima mawe waliokwisha kuondoka: viatu, taa, sufuria zenye mikono ya kukunja. Mama Kaseya alitufuata na fimbo yake, taratibu, kama mtu anayekwenda kutoa ushahidi.

Papa Mwilambwe alikuwa na hema mbili. Moja ndogo, ya kijani kibichi cha majani, ukiikunja inaingia kwapani. Ya pili rangi ya chungwa, ya watu watatu, yenye paa juu ya paa na milango miwili, mmoja mbele na mwingine nyuma. Niliinua ya kwanza, nikainua ya pili. Nikarudia. Ya kijani ilikuwa nyepesi kama kuku aliyenyonyolewa.

“Hii njo yenu,” akasema Papa Mwilambwe. “Muko wawili, hema ya wawili. Hata Mungu angepima hivyo.”

“Mungu hauzi vitu vilivyotumika, Papa,” nikamjibu, nikaanza kumshusha bei. Nilimshusha vizuri, mwanangu. Alikuwa amekwisha kufika pale ambapo muuzaji anaanza kutaja watoto wake, ndipo Mama Kaseya akagonga fimbo chini.

“Tandikeni,” akasema. “Muingie. Mulale.”

“Hapa sokoni, Mama?”

“Muli na haya ya soko na hamuna haya ya baridi?”

Tukalala, mimi na Mumba, katikati ya soko, na mizigo yetu katikati yetu, maana alisema mizigo nayo ina mgongo. Miguu yangu ilitoka nje. Kichwa cha Mumba kiligusa kitambaa. Watu walijaa. Kijana mmoja muuza sabuni akasema, “Mama, niwaletee na mutoto wa kubembeleza?” Mumba alicheka mpaka hema ikatikisika. Mama Kaseya hakucheka. Aliinamisha uso wake mlangoni, akaniangalia mimi peke yangu.

“Wewe unajua kuhesabu,” akasema, “lakini haujui kupima. Mukipumua humo hadi asubuhi, pumzi yenu itawarudia kama mvua, maana kitambaa ni kimoja. Mulango ni mumoja, na aliye ndani itabidi amuruke mwenzake. Rangi yake ni ya majani, na kule kuna nini isipokuwa majani? Halafu nafasi. Nafasi ya mugeni iko wapi?”

“Mugeni gani, Mama? Tunakwenda wawili.”

“Kule juu, katika ukungu, hema inakuwa na mulango wa wenyewe na mulango wa mugeni. Akiingia, unasogea. Haumuulizi jina, na haumuhesabu. Wachungaji wote wanajua.”

Mimi nikadhani uzee umeanza kumpanda kichwani. Lakini wakati ule mkubwa wako akisema, unanunua. Tukachukua ya chungwa. Papa Mwilambwe alifurahi kwa namna iliyoniuma siku nyingi, na mimi nikalaza kifurushi kile kichwani nikipanda mlima nikinung'unika. Mumba akaniambia mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ila angeweza kunipokea kwenye mteremko. Hakukuwa na mteremko.

Tulipofika juu, jua lilikuwa kichwani. Nyasi zilikuwa zimelala kimya, hakuna hata ndege. Tukasimama karibu na ukingo, mahali ambapo nchi inakatika ghafla na chini sana unaliona ziwa kama kipande cha bati. Mumba akachukua sufuria, akasema anakwenda kuteka maji kwenye kijito tulichokiruka nyuma kidogo. Mimi nikabaki, nikaona mbali kitu cheupe kinakuja juu ya nyasi bila haraka. Nikaanza kutandika hema mara moja. Sikuwa nimekaza kamba ya mwisho, na ukungu ukawa umefika. Mwanangu, ule si ukungu wa asubuhi wa hapa kwetu. Mchana ulibaki mchana, mweupe kabisa, lakini ukinyoosha mkono vidole vinapotea.

Nikamwita Mumba. Sauti yangu ikafa mbele ya mdomo. Nikaingia kwa mlango wa mbele, nikakaa nimegeukia nje, nikimngoja.

Baada ya muda nikasikia mlango wa nyuma unafunguliwa. Mtu akaingia, akalala kando ya mizigo, pale Mama Kaseya alipotuambia tuache wazi. Nikasikia nyasi zinalala chini ya turubai, na pumzi, taratibu, ya mtu aliyechoka. “Umekawia,” nikasema bila kugeuka. “Maji umepata?” Hakujibu. Nikajua amenuna kwa kuwa nilimwacha aende peke yake. Nikaanza kumpa habari za kumchekesha: jinsi Papa Mwilambwe alivyokunja uso, jinsi yule wa sabuni alivyosema. Sikusikia kicheko. Baridi ilikuwa inatoka nyuma yangu kama inavyotoka kwenye jiwe lililolala mtoni.

Ndipo nikasikia, mbali, upande wa ukingo: “Wifi eee. Wifi, uko wapi?”

Ilikuwa sauti ya Mumba.

Nilikaa hivyo hivyo. Pumzi nyuma yangu iliendelea, haikubadilika. Kichwa changu, kwa mazoea yake ya soko, kikaanza kazi: mimi mmoja, huyu wa pili. Kidole kilikuwa tayari kimekunjwa ili nirudie hesabu. Nikakinyoosha. Ni mara moja tu katika maisha yangu nimehesabu kitu na kukiacha hapo.

Nikasema, kwa heshima kama mtu anayemkuta mkubwa barazani, “Karibu. Nafasi iko. Ila usogee kidogo tu, tafadhali, kuna mwenzetu mwingine anakuja.”

Nikasikia anasogea.

Mwanangu, laiti ingekuwa ile hema ya kijani yenye mlango mmoja, mimi nisingetoka, maana ningelazimika kumpitia. Nilitoka kwa mlango wangu. Nje nikafikiri haraka. Nikiondoka hivi hivi nitapotea, na wifi yangu atakuwa peke yake na ukingo ule. Nikafungua kamba mbili za mbele za hema, nikaziunga pamoja na kamba ya mizigo, nikafunga mwisho mmoja kwenye nguzo ya mbele, mwingine kiunoni. Nilijua hesabu yake: nguzo isiyo na kamba inaanguka, na nikivuta tu hema yote inalala. Lakini sikuwa na mti wala jiwe la kufungia. Nikaenda, nikiita, nikifuata sauti.

Sauti ilikuwa inahama. Mara kulia, mara chini. Kamba ilinifuata nyuma, nami nikawa nangoja nisikie nguzo ikianguka. Nikapiga hatua, na mguu haukupata kitu. Hakukuwa na nyasi, hakukuwa na udongo, palikuwa na upepo tu unaotoka chini. Mwili wote ukaanza kuufuata mguu.

Kamba ikakaza. Haikukaza kama kamba iliyonasa, ambayo inakushika tu ikatulia. Ilinivuta. Polepole, mkono baada ya mkono, kama tunavyovuta wavu, mpaka nikakaa kitako kwenye nyasi. Nguzo ya hema haiwezi kuvuta mtu. Hilo nimelipima mara nyingi tangu siku ile, na jibu ni lile lile.

Mumba nilimkuta hatua chache pembeni, amekaa amekumbatia sufuria, hataki kusogea. Nilimshika mkono, tukarudi tukifuata kamba, mimi mbele. Njiani akaniuliza, “Ulikuwa unaongea na nani?”

“Nilikuwa naongea peke yangu.”

“Hapana, wifi. Nilisikia muko wawili. Njo maana niliita. Wewe unasema, yeye anajibu.”

“Anajibu nini?”

“Ndiyo. Alikuwa anasema ndiyo, ndiyo, kama mutu anayesikiliza habari tamu.”

Rangi ya chungwa ikatokea kwenye weupe, kidogo, kama kaa la moto ndani ya majivu. Hema ilikuwa imesimama wima, paa limekazwa vizuri, bila kamba hata moja ya mbele. Nikaingia kwanza. Ndani hapakuwa na mtu. Mahali pa mtu wa tatu, nyasi chini ya turubai zilikuwa zimelala kwa urefu wa mtu mzima, na turubai ilikuwa ya baridi kuliko nje. Mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa, na vifundo vilikuwa kwa ndani. Mumba akataka kuweka sufuria pale. Nikamwambia, “Hapo usiweke kitu.” Tukalala mgongo kwa mgongo, tukaacha nafasi ile ilivyo, na kusema kweli, mimi niliisalimu.

Ukungu uliondoka kabla jua halijashuka. Tukaona nyayo zangu kwenye nyasi, zinakwenda moja kwa moja mpaka ukingoni, na pale ukingoni udongo umemeguka. Nilipofungua kamba kwenye nguzo, nguzo ikaanguka papo hapo, na hema ikalala kama inavyotakiwa.

Mumba alirudi Kalemie mzima, na kaka yangu alimpokea bandarini, akabeba viazi. Mimi nilikwenda kwa Mama Kaseya nikamweleza yote. Alisikiliza huku anachagua mawe kwenye mchele. Akauliza swali moja tu.

“Ulimuhesabu?”

“Mara moja, Mama.”

Akauacha mchele. “Wewe?” akasema. “Mara moja? Basi umekua.” Akaendelea na mchele.

Sasa sikiliza, mwanangu. Sikuambii uamini. Mimi mwenyewe nimekaa na jambo hili miaka mingi kama mtu anayekaa na noti asiyojua kama ni halali: siitupi, na siipeleki dukani. Lakini hema naijua. Mkiwa wawili, chukua ya watatu. Mkiwa watatu, tafuta ya wanne au mpunguze mmoja. Wepesi ni mzuri, sikatai, maana mlima hauna huruma, ila pima wepesi baada ya kulala ndani, si kabla. Rahisi inavunja upishi, na wepesi unaweza kuvunja safari. Tandika pale pale kwa muuzaji, lala na mzigo wako, watu wacheke. Inua kitambaa kwenye jua uone kama mishono inapitisha mwanga, na uinuse ndani, maana uvundo hauondoki kwa kupunguziwa bei. Iwe na paa juu ya paa, pumzi yako isikurudie. Iwe na rangi ambayo nyasi hazina. Iwe na milango miwili, ili kila mtu atoke bila kumkanyaga mwingine, awe ni nani.

Na ile nafasi inayobaki, usiijaze. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wengi wanadhani hayo ni maneno ya jikoni tu, ya kuku na wali.

Nenda basi. Mungu akupe miguu isiyoteleza na mwenzako asiye mvivu wa kuteka maji. Akupe ukungu mfupi na kamba ndefu. Na yeyote atakayelala upande wako wa pili, alale kwa amani, aamke kabla yako, na akuachie mlango umefungwa vizuri.